Siku nzima ya redio ya taifa: kila kipindi na saa yake

Redio ya taifa ni redio inayozungumza na nchi nzima kwa wakati mmoja. Muziki upo, lakini sehemu kubwa ya siku yake ni maneno: taarifa ya habari, hali ya hewa, mafunzo ya kilimo na afya, mchezo wa redio, mashairi, matangazo ya vifo, hotuba na mijadala. Kwa Tanzania redio hiyo ni TBC Taifa, ambayo wazee wengi wa Ufipa bado wanaiita kwa jina lake la zamani, RTD.

Msikilizaji wa Laela, Matai au Namanyere akiwasha simu yake saa mbalimbali za siku moja, anaweza kudhani amefungua redio tano tofauti. Asubuhi anasomewa vichwa vya habari vya magazeti, mchana anasikia jina la marehemu, alasiri anafundishwa kuhifadhi mahindi, jioni anasikia watoto wanaimba, na usiku waziri anajibu maswali. Kuna wanaouliza kwa nini redio isichague jambo moja ikalifanya vizuri.

Makala haya yanaeleza siku hiyo inavyopangwa, kwa nini kila kipindi kimewekwa saa yake, na mkulima wa Rukwa mwenye simu mkononi anavyoweza kufaidika nayo. Majina ya vipindi na dakika zake hubadilika kila baada ya muda. Kinachodumu ni mpangilio wa siku, na huo ndio tunaoufuata hapa.

Ilikotoka

Matangazo ya redio Tanganyika yalianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 liliundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Baada ya Uhuru, Serikali ililichukua shirika hilo na mwaka 1965 ikaanzisha Radio Tanzania Dar es Salaam, yaani RTD, chini ya wizara yenye dhamana ya habari. Mwaka 2002 redio na televisheni za taifa ziliwekwa pamoja chini ya Taasisi ya Utangazaji Tanzania, ambayo baadaye ikawa Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC.

Kwa takribani miaka 30 RTD ilikuwa peke yake hewani Tanzania Bara. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ndiyo iliyofungua mlango kwa redio binafsi, na kuanzia mwaka 1994 vituo kama Radio One na Radio Tumaini vikaanza kusikika Dar es Salaam. Redio za mikoani, zikiwemo za Sumbawanga, zilikuja baadaye sana.

Upweke huo wa miaka mingi ndio uliozaa mchanganyiko wa vipindi. Redio moja ililazimika kumtosha kila mtu: mvuvi wa Kirando, mwalimu wa Chala, mama aliyelazwa hospitali, mtoto wa darasa la tatu na mzee anayependa mashairi. Wote hawawezi kuhudumiwa kwa saa moja, kwa hiyo siku ikagawanywa kama shamba la familia, kila mmoja na tuta lake.

Saa ya Dar es Salaam na jua la Ufipa

Kabla ya kuanza siku, kuna jambo moja ambalo msikilizaji wa kwetu anapaswa kulijua. Tanzania nzima inatumia saa moja, lakini jua halichomozi kwa wakati mmoja. Sumbawanga iko magharibi mwa Dar es Salaam kiasi kwamba jua hutufikia takribani dakika 30 baada ya kuwafikia watu wa pwani. Jioni nayo, sisi tunabaki na mwanga kwa takribani nusu saa baada ya wao kuingiwa na giza.

Hii ina maana kwamba kipindi kilichopangwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuamka pwani kinaweza kumkuta Mfipa bado kajifunika blanketi, hasa Juni na Julai, baridi ya uwandani inapouma. Na kipindi cha jioni kilichopangwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kurudi nyumbani kinaweza kumkuta mkulima wa Mpui bado yuko shambani kwa sababu mwanga upo. Ukiona kipindi unachokipenda kinakupita kila siku, usijilaumu. Beba simu shambani, au tafuta marudio yake. Vipindi vingi vya mafunzo hurudiwa siku nyingine kwa sababu ya watu kama wewe.

Alfajiri na asubuhi: habari za kuanzia siku

Siku ya redio ya taifa huanza mapema, kwa maneno machache ya dini na nasaha, kisha hufuata taarifa ya habari na kusomwa kwa vichwa vya habari vya magazeti. Saa 1 asubuhi ni saa kubwa ya habari. Watu wanajiandaa kwenda shamba, shule au sokoni, mikono ina kazi lakini masikio yako huru. Ndiyo maana asubuhi mtangazaji hutumia sentensi fupi na hurudia saa mara nyingi. Anajua unasikiliza huku unawasha moto.

Utabiri wa hali ya hewa, unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, nao husikika saa hizi. Maneno yake yanahitaji kueleweka. Rukwa iko katika kundi la mikoa inayopata msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, na utabiri wetu huitwa wa mvua za msimu. Ukisikia neno “masika” au “vuli”, mara nyingi wanaozungumziwa ni watu wa pwani, kaskazini na Kanda ya Ziwa Victoria, wenye misimu miwili.

TMA inaposema “mvua za wastani” ina maana ya kiasi kilicho kati ya asilimia 75 na 125 ya mvua ambayo eneo hilo limezoea kupata kwa miaka mingi. “Chini ya wastani” ni pungufu ya asilimia 75, na “juu ya wastani” ni zaidi ya asilimia 125. Kwa hiyo mvua za wastani kwa Sumbawanga si sawa na mvua za wastani kwa Dodoma. Kila eneo linapimwa kwa mazoea yake lenyewe.

Asubuhi ya kazi: afya na malezi

Kuanzia saa 3 hivi, habari hupungua na mafunzo huchukua nafasi: afya ya mama na mtoto, lishe, chanjo, malezi, sheria za mirathi na ardhi. Wapangaji wa vipindi wamekuwa wakiweka mambo haya saa hizi wakiwawazia walio nyumbani, hasa wanawake. Kwa Ufipa dhana hiyo haikai sawa. Wakati wa kulima na kupalilia, wanawake wengi saa hizo wako shambani. Hii ni sababu nyingine ya redio kuhama kutoka mezani kwenda mfukoni.

Ugua Pole ilikuwa mojawapo ya vipindi vya RTD vilivyopendwa sana. Watangazaji walikwenda hospitali, wakazungumza na wagonjwa na kuwapelekea salamu ndugu zao. Kwa mtu aliyelazwa mbali na kwao, kusikika redioni kulikuwa na maana kwamba nyumbani wanajua yuko hai. Redio ilifanya kazi ambayo leo inafanywa na simu.

Mchana: salamu na matangazo ya vifo

Saa 7 mchana huja tena taarifa ya habari. Kabla na baada yake ndipo palipokuwa na nafasi ya salamu. Wengi mnakumbuka kadi za salamu: unanunua kadi, unaandika majina ya ndugu na marafiki, unachagua wimbo, unaituma kituoni na kusubiri. Leo ujumbe mfupi wa simu umechukua nafasi ya kadi, lakini kanuni ni ile ile. Salamu si mchezo wa kupoteza muda. Humjulisha ndugu aliye mbali kwamba hajasahauliwa.

Kisha kuna kipindi ambacho nyumba nzima hunyamaza ili kisikike: matangazo ya vifo. Kwa mikoa ya pembezoni kama Rukwa, tangazo hili lilikuwa na uzito wa pekee. Kutoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,000, na kabla ya lami ya Tunduma safari ya mwisho ya kupanda uwanda huu ilikuwa ndefu kuliko kilomita zake, hasa wakati wa mvua. Kijana wa Kifipa aliyekuwa akifanya kazi Mbeya, Tabora au Dar es Salaam aliposikia jina la baba yake saa 7 mchana, alijua ana muda gani wa kufika kabla ya mazishi. Aliyeukosa mchana huo aliweza kufika na kukuta kaburi limekwisha kufukiwa.

Tangazo la kifo lina muundo wake: jina la marehemu, mahali alipofariki, siku na mahali pa mazishi, anayetoa tangazo, na majina ya ndugu wanaojulishwa pamoja na mahali walipo. Hayo majina ya mwisho ndiyo muhimu kuliko yote, kwa sababu jirani wa mtajwa akisikia, atakwenda kumgongea mlango. Ukipeleka tangazo la namna hiyo kwenye redio yoyote, usishangae ukiombwa uthibitisho. Redio makini haisomi habari ya kifo kwa kupigiwa simu tu na mtu isiyemjua.

Alasiri: kilimo, bei na mizani

Kwa uwanda wa Ufipa, hapa ndipo penye fedha. Enzi za RTD kipindi cha Ukulima wa Kisasa kilikuwa mwalimu wa wakulima nchi nzima. Wafipa walikuwa na elimu yao kabla ya redio: matuta ya mviringo yanayoitwa ntumba, ambamo nyasi hufunikwa kwa udongo zioze na kurutubisha shamba. Redio haikuja kufuta maarifa hayo. Iliongeza yale ambayo macho ya kijiji kimoja hayawezi kuona: aina mpya ya mbegu, ugonjwa ulioingia mkoa jirani, bei ya soko la mbali.

Mambo matatu hutangazwa hewani kila mwaka, nayo humgusa mkulima wa Rukwa moja kwa moja.

La kwanza ni mbolea ya ruzuku. Tangu msimu wa 2022/2023 mkulima hupata mbolea hiyo kwa kuandikishwa kwanza kupitia ofisi ya kijiji au mtaa, kisha kupewa namba anayoitumia kununulia. Asiyejiandikisha hana namba, na asiye na namba hununua kwa bei kamili. Hivyo tangazo la uandikishaji la dakika moja lina thamani ya fedha.

La pili ni ununuzi wa nafaka. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, una kanda yake Sumbawanga, na baada ya mavuno hutangaza vituo vya kununulia na bei. Ukiijua bei hiyo mapema, hata kama hutauza huko, unajua pa kusimamia pindi mnunuzi wa mitaani anapokuja na bei yake.

La tatu ni vipimo. Gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lumbesa, lile gunia lililovimba na kuwekwa kilemba, linakatazwa na sheria ya vipimo. Mkulima anayefungasha lumbesa anauza gunia moja na sehemu ya gunia jingine kwa bei ya gunia moja. Wakala wa Vipimo ndio unaosimamia jambo hili.

Jioni: watoto, kicheko na mchezo wa redio

Jioni familia inakusanyika, na ratiba huifuata. Kwa watoto wa vizazi kadhaa saa hizi zilikuwa za Mama na Mwana, kipindi cha hadithi kilichotambulika kwa sauti ya Debora Mwenda. Kwa wapenda kicheko kulikuwa na Pwagu na Pwaguzi. Kwa wapenda lugha kulikuwa na Malenga Wetu, ambako mashairi ya wasikilizaji yaliimbwa hewani. Mtu wa kijijini aliyeandika shairi lake kwa kalamu ya wino aliweza kusikika kutoka Bukoba hadi Mtwara, na hakuulizwa cheti.

Mchezo wa redio unaotajwa zaidi na wataalamu ni Twende na Wakati, ulioanza mwaka 1993 na kurushwa mara mbili kwa wiki. Ulihusu uzazi wa mpango na UKIMWI, wakati ambapo familia nyingi ziliona aibu kuyataja mambo hayo. Mhusika wake Mkwaju alikuwa dereva wa lori mwenye wanawake wengi njiani, na wasikilizaji walimfuatilia hadi alipougua. Kwa wakazi wa miji ya njia kuu kama Tunduma, Mkwaju hakuwa mgeni.

Watafiti walitaka kujua kama mchezo wa redio unaweza kubadili tabia kweli. Kwa miaka miwili ya mwanzo mtambo wa Dodoma haukurusha mchezo huo, na wakazi wa eneo lake wakalinganishwa na wale wa maeneo mengine. Matokeo yalionyesha kwamba sehemu ulikosikika, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi. Baadaye Dodoma nayo ikaanza kuusikia. Watu walipokea kwa njia ya hadithi jambo ambalo wangelikataa kwa njia ya amri, kwa sababu hadithi inakuacha ujadili kosa la Mkwaju bila kutaja la jirani yako.

Saa 2 usiku: taarifa kuu

Saa 2 usiku ni kilele cha siku. Kazi zimekwisha, chakula kiko mezani au kinaiva, na taarifa ya habari ya saa hiyo ndiyo ndefu na yenye uzito. Enzi za RTD ilifuatiwa na Mazungumzo Baada ya Habari, maelezo mafupi ya msimamo wa nchi kuhusu jambo la siku. Waliokuwa watu wazima wakati wa vita vya Kagera, mwaka 1978 na 1979, wanakumbuka jinsi kipindi hicho kilivyosubiriwa, na sauti ya Paul Sozigwa iliyokisoma. Ni kwa redio pia ambapo nchi ilisikia taarifa zake nzito za msiba: Mwalimu Nyerere akitangaza kifo cha Waziri Mkuu Edward Sokoine mwaka 1984, na Rais Benjamin Mkapa akitangaza kifo cha Mwalimu mwenyewe tarehe 14 Oktoba 1999.

Sauti nyingine pia zilipita kwenye mitambo ya Dar es Salaam. Vyama vya ukombozi vya Kusini mwa Afrika, kikiwemo ANC cha Afrika Kusini, vilipewa muda wa kutangaza kwa watu wao. Redio ya nchi maskini ilifanya kazi ya jeshi bila kufyatua risasi.

Unaposikiliza taarifa kuu, tenganisha vitu vitatu. Habari ni jambo lililotokea, likiwa na mahali, muda na msemaji. Maoni ni fikra za mtu kuhusu jambo hilo. Tangazo la kulipiwa ni maneno ya aliyelipa. Vyote vitatu vinaweza kusomwa na sauti ile ile unayoiamini, kwa hiyo sikiliza vizuri jinsi vinavyotambulishwa. Redio ya taifa pia ni redio ya Serikali, na msikilizaji mzuri huijua hali hiyo. Huipokea taarifa ya wizara kama kauli rasmi, kisha hutazama kijijini kwake kama inatekelezwa.

Redio ilipogeuka darasa: Mtu ni Afya

Mwaka 1973 redio ya taifa ilifanya jambo ambalo bado linasomwa na wataalamu wa elimu duniani. Kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza. Kila wiki, kwa takribani miezi mitatu, kikundi kilikaa kuzunguka redio moja, kikasikiliza kipindi, kikasomewa kijitabu, kikajadili, kisha kikaamua jambo la kufanya: kuchimba choo, kusafisha chanzo cha maji, kufyeka nyasi zinazofuga mbu. Miaka miwili baadaye ikafuata Chakula ni Uhai, iliyohusu lishe.

Mafanikio yake yalitokana na hatua ya mwisho. Kila kikundi kilitakiwa kuamua na kutenda. Kusikia pekee huishia masikioni. Kata zetu za bonde la Ziwa Rukwa, ambazo zimewahi kupigwa na kipindupindu, zinajua kwamba ujumbe wa kuchemsha maji unaweza kurudiwa mara mia bila faida iwapo kijiji hakikai pamoja na kukubaliana nani achimbe nini na lini.

Mawimbi, milima na simu yako

Kwa nini redio inasikika vizuri Sumbawanga mjini, halafu inakwaruza Muze au Mtowisa? Jibu ni umbo la nchi. Uwanda wa Ufipa uko takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, wakati Ziwa Rukwa upande mmoja na Ziwa Tanganyika upande mwingine yako karibu mita 800. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka, karibu kama mwanga wa tochi. Mnara ulio uwandani unawamulika watu wa uwandani, lakini walio chini ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa au nyuma ya milima ya Mbizi wanabaki kivulini.

Zamani RTD ilitumia zaidi masafa ya kati na masafa mafupi. Mawimbi hayo, hasa usiku, hugonga tabaka la juu la anga na kurudi ardhini mbali sana. Ndiyo sababu wazee walipata Dar es Salaam usiku vizuri kuliko mchana, na pia wakakutana na vituo vya Zambia na Kongo bila kuvitafuta. FM ina sauti safi zaidi, ila inahitaji minara mingi.

Kwa mwenye simu, haya ndiyo ya kuzingatia:

Redio ya FM iliyo ndani ya simu haitumii bando wala vocha. Hata simu ya kitochi inaipata. Simu nyingi zinahitaji uchomeke hedifoni, kwa sababu waya wake ndio antena. Ukiwa bondeni, panda mahali pa juu au nyoosha waya.

Kusikiliza kwa intaneti hutumia bando: kwa kawaida kati ya MB 30 na 60 kwa saa moja, kutegemea ubora wa sauti. Tumia njia hii pale tu FM inapokosekana.

Zima mwanga wa kioo unaposikiliza. Kioo hula chaji nyingi kuliko redio, na kwa anayechaji kwa sola hilo ni jambo kubwa wakati wa mvua.

Weka kalamu na daftari karibu. Tangazo la uandikishaji, chanjo ya mifugo au bei halirudiwi kwa ajili yako. Andika tarehe, mahali na jina la ofisi, kisha thibitisha kwa afisa ugani au mtendaji wa kijiji. Ukiletewa kwenye simu habari inayosema “imetangazwa redioni”, uliza redio gani na saa ngapi.

Ukiona kipindi kimekukosea au kimepotosha, anza kwa kulalamika kituoni. Usiporidhika, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ina Kamati ya Maudhui inayopokea malalamiko ya wasikilizaji.

Usichojua kukitafuta

Leo simu inakupa karibu kila unachokitafuta. Andika jina la wimbo, utaupata. Uliza bei ya pikipiki, utajibiwa. Basi kazi ya siku nzima ya redio yenye mambo mchanganyiko ni ipi?

Tazama mwaka 2017. Viwavijeshi vamizi, mdudu mwenye asili ya Amerika aliyeonekana Afrika Magharibi mwaka 2016, waliingia Tanzania, na Rukwa ilikuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza kuwaona. Mkulima alikuta majani ya mahindi yametobolewa na katikati ya mhindi kuna uchafu kama unga wa mbao. Wengi walidhani ni viwavi wale wale wa siku zote. Mtu hawezi kutafuta kwenye simu jina la mdudu ambaye hajui kwamba yupo. Aliyesikiliza redio akingoja salamu au mpira, akakutana na sauti ya mtaalamu akieleza alama ya herufi Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne meusi mkiani, ndiye aliyekwenda shambani kesho yake asubuhi kufunua mioyo ya mahindi yake mapema.

Hiyo ndiyo sababu ya mchanganyiko. Kipindi unachokipenda kinakuleta karibu na redio, na kile ambacho hukukiomba kinakukuta hapo. Mama anayesubiri mchezo wa jioni anasikia kuhusu chanjo. Kijana anayesubiri matokeo ya mpira anasikia tarehe ya mwisho ya kujiandikisha. Kwa hiyo mara moja kwa wiki, usibadilishe masafa pindi kipindi chako kinapokwisha. Acha redio iendelee kwa nusu saa nyingine, wewe ukiendelea kupukuchua mahindi yako.